Jina Mgongoni mwa Muhdhar

Sisi watu wa Mji wa Kale tuna maradhi ya kutazama. Mtu akibadilisha kitasa cha mlango wake, kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshajua, na wengine wameshapita kukishika waone kama ni imara. Basi fikiria asubuhi ile Muhdhar Faraj, fundi wa friji, mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima, alipotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, akafika Ndia Kuu, akakunja kanzu yake mpaka magotini na kuanza kukimbia.

Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Tulitazama nyuma yake, hatukuona mbwa wala askari. Alikwenda hivyo hivyo, makubadhi yakipiga lami, mpaka akapotea upande wa Ngomeni. Kesho yake akakimbia tena. Siku ya tatu alikuwa amenunua raba nyeupe, na hapo ndipo watu wa barazani walipoacha kucheka wakaanza kusikitika, maana mtu akishanunua raba, jambo lake si mzaha tena.

Mimi ni Mejumaa, fundi wa cherehani. Nakaa chini, Muhdhar anakaa juu, na ngazi yetu ni moja. Dari yangu ndiyo sakafu yake, na kwa hiyo mambo mengi ya mtu huyu sikuyaona kwa macho ila nimeyasikia kwa miaka. Sioni haya kusema hivyo. Dari za mbao hazifichi kitu, na masikio yangu ni mazima.

Alikuja kukaa pale juu alipomwoa Nabiha, binti wa Bi Raihana. Nabiha alikuwa mrefu kuliko yeye, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kisa, hata ukawa hukipati kisa chenyewe, unabaki kucheka naye tu bila kujua unachekea nini. Alikufa katika uzazi wake wa kwanza. Alitokwa na damu nyingi, na damu ya kumwongeza ikachelewa kupatikana. Mtoto naye hakulia. Ni zamani, wakati simu za mkononi mtaani kwetu zilikuwa za kuazimana, lakini bado nikipita mlango ule wa hospitali navuka upande wa pili wa barabara.

Muhdhar hakuoa tena wala hakuhama. Alibaki pale juu na mamake mkewe. Ndugu zake walimletea posa za watu wa maana, yeye akawa anawapa kahawa na kuwasindikiza mpaka mlangoni.

Sasa nieleze jambo moja, maana asiyekuwa wa kwetu hatalijua. Kwetu mwanamume hataji jina la mkewe mbele za watu. Atasema "nyumbani hawajambo," atasema "wenyewe wanakusalimu," na akishapata mtoto mambo humwia mepesi, atasema "mama fulani" mpaka kufa kwake. Nabiha hakuwahi kuwa mama fulani. Alipokufa, wanaume wakawa wanamwita marehemu, basi. Sisi wanawake tuna ruhusa ya kutajana tupendavyo, lakini mbele ya Muhdhar tulilimeza jina lile, tukiona kulitaja ni kumtonesha kidonda. Wanaume walinyamaza kwa heshima na wanawake wakanyamaza kwa huruma, na sijui kama yeye aliweza kutofautisha.

Aliyelitaja ni Bi Raihana peke yake. Alilitaja alipokuwa akilia, akalitaja alipoacha kulia, na uzee ulipomchukua akili akawa analitaja kutwa, maana alisahau kwamba binti yake amekufa. Nilimsikia juu kule akiita: "Nabiha, niletee maji." Mwanzo Muhdhar alikuwa akimwambia kwa upole, "Mama, mwanao alishatangulia." Na yule bibi, masikini, alikuwa akiipokea habari ile kama mpya, anaanza msiba upya, na mimi huku chini nazima redio.

Ikafika siku hakumwambia. Bi Raihana akaita, "Nabiha," na nikasikia sauti ya kiume ikiitika, "Naam, mama." Kisha nyayo zikaenda jikoni, zikarudi na maji. Mwanamke wa kwetu akiitwa huitika "bee". Naam ni ya wanaume. Nilicheka mara ya kwanza. Halafu nikaacha kushona, nikakaa tu na mkono juu ya gurudumu la cherehani, maana nilikuwa nimefahamu kwa nini hakumwambia.

Toka siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Bibi anaita Nabiha, Muhdhar anaitika naam, maji yanakwenda. Alikuwa akirudi nyumbani kutoka dukani kwake saa ya chakula ili aitwe.

Bi Raihana naye alikwenda zake mwaka jana, mwezi wa Mfunguo Mosi. Watu walijaa, tukasoma hitima, tukapika, tukaosha masufuria, na kila mtu akarudi kwake. Hapo ndipo dari yangu ilipoanza kunitisha. Nyayo ziliendelea kwenda jikoni saa zile zile, zikasimama huko, zikarudi polepole. Hakuna aliyeita. Mtu mzima anatembea nyumbani kwake kumsubiri mtu amwite kwa jina ambalo si lake. Nikimsikia nilikuwa nashikwa na uchungu mpaka nakasirika, nikawa napiga cherehani kwa nguvu bila haja.

Ndipo akaanza mbio. Nilimwuliza siku moja ngazini, sikuweza kujizuia.

"Muhdhar, wakimbia nini?"

"Nakimbia pole, Bi Mejumaa," akasema, akihema. "Nikenda kwa miguu watu hunisimamisha kunipa pole. Nikipiga mbio hawanipati."

Nikamwambia ana wazimu. Akasema huenda.

Yangekwisha hapo kama si friji. Zahanati moja ya uzazi upande wa Tudor ilimwita akatazame friji yao ya kuwekea damu. Alikwenda na begi lake la vyombo, akaifungua, akakuta kompresa imekufa na vipuri vyake havitengenezwi tena. Akaifunga. Kisha hakuondoka. Haya alinisimulia Sheryl, msichana wa Buxton ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi reli, na sasa yeye ni karani wa Heri ya Uzazi, chama kinachochangia zahanati za kina mama. Sheryl anasema alimkuta fundi amekaa chini, mgongo umeegemea friji mbovu, anauliza kila anayepita: "Damu hukaa humu?" Wakamjibu ndiyo, hukaa humu. Sheryl akamwambia asijisumbue, chama kinaandaa mbio za marathoni kuzunguka kisiwa ili kununua friji mpya za zahanati zote kama ile. Muhdhar akauliza kama mtu wa umri wake anaruhusiwa.

Kuchangisha hakukumpa shida. Watu wa baraza walitoa, wenye maduka walitoa, hata ndugu zake wale wa posa walitoa, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwa nini. Wote walijua kwa nini. Shida ilikuja na kitambaa.

Chama kilimpa kila mkimbiaji kipande cha kitambaa cheupe cha kubandika mgongoni, aandike jina la mama aliyefia uzazini, ambaye anakimbia kwa ajili yake. Sheryl alimweleza: "Mzee, ukishawapita watu watalisoma, watalitaja kwa sauti. Ukichoka, lile jina linakusukuma kutoka nyuma." Akamwonyesha vya wengine vilivyokwisha andikwa. Wengi ni Mama Terry, Mama Oliver, Mama nani.

Nilichokuja kukijua baadaye nakisema sasa, nisizunguke. Muhdhar hakujali kumaliza mbio wala kushindwa. Alitaka kulisikia jina la mkewe mara moja zaidi kutoka kinywa cha mtu kabla halijapotea duniani. Hilo tu. Lakini vilevile alikuwa mtoto wa mji huu, na kuliacha jina la mkewe lipigiwe kelele na makuli na makondakta wa Makupa lilikuwa jambo ambalo nafsi yake haikulikubali.

Alikaa na kile kitambaa siku kadhaa. Kisha akapiga hodi kwangu.

"Karibu. Wambaje?"

"Njema, Bi Mejumaa. Nataka unishonee hichi. Pini zitapasua shati."

Kitambaa kilikuwa kimefunikwa uso chini. Nilikigeuza. Jina lilikuwepo, lakini kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri wa chuoni, kila nukta mahali pake. Nabiha. Nililisoma moyoni.

"Mbona kwa Kiarabu?" nikauliza.

Alikuwa ameshafikiria kila kitu, kwa namna ile ya mafundi. "Wenye kupiga kelele hawajui kulisoma," akasema. "Na wenye kulisoma wana adabu."

"Basi atakayelitaja ni nani?"

Alichukua futi yangu ya kupimia, akaikunja vizuri kabisa, akaifungua, akaikunja tena. Alikuwa akitazama midomo yangu. Mimi nikadhani anangoja bei, nikamwambia sitaki hata senti, hii ni sadaka. Akashukuru, akapanda juu. Nikakishona kitambaa kwa uzi mara mbili, pembe zote nne.

Mbio zilikuwa Jumapili, mizunguko miwili ya kisiwa, kuanzia Makadara na kuishia hapo hapo. Ya mbali nimeyapata kwao wenyewe. Mpaka Makupa alikwenda sambamba na Ronald, karani wa bandarini, mtu mpole wa bara aliyekuwa akimkimbilia dadake. Pale Makupa malori yalikuwa yamesimamishwa, na wapakiaji mizigo wamepanda juu yake kuangalia. Ronald alipopita walimlipukia, "Zilpah, Zilpah, twende Zilpah," wakipiga mabati ya malori, na Ronald akakaza mwendo huku analia waziwazi. Muhdhar alikuwa hatua chache nyuma yake. Alipopita, kelele zilikatika. Anasema ilikuwa kama mtu amezima jenereta. Aligeuza kichwa kidogo, akamwona kijana mmoja wa lori amevua kofia na kuishika kifuani.

Tudor ikawa hivyo hivyo. Watu walikuwa wakiimba majina kutoka kwenye roshani za fleti, lakini akishapita yeye wanashusha sauti. Buxton kulikuwa na kina mama wa kanisa wenye kayamba, wanaimba na kucheza, na kayamba zao zikanyamaza mpaka akafika mbali. Ronald alikuwa ameshamwacha. Akakimbia peke yake ndani ya ule ukimya, na akaanza kujiuliza ana nini, kama nguo yake imechafuka, kama wanamwonea kinyaa.

Kisha akaingia Mji wa Kale, na hapo sihitaji kusimuliwa.

Tulikuwa tumetoka sote. Wanaume wamejaa barazani, wanawake madirishani na milangoni, nami niko mlangoni kwangu na Duha wa jirani na mumewe. Tulimwona akija, raba nyeupe, kofia ya viua kichwani, jasho limemlowesha mpaka kitambi kimejichora chote. Tukampigia makofi. Wazee wakamwambia Mungu akupe nguvu. Akatupita, na mgongo wake ukawa mbele yetu, na kila mtu aliyekuwa pale anajua kuzisoma herufi zile.

Makofi yalikufa. Wanaume walisimama, mmoja baada ya mwingine, na mikono yao vifuani, na wengine wakainamisha macho. Mwanamke mmoja dirishani alijifunika uso kwa mtandio. Ilikuwa heshima kubwa, sijaiona nyingine mfano wake mtaani kwetu. Na katikati ya heshima ile nikamwona Muhdhar amepunguza mwendo. Shingo aliipinda kidogo upande, sikio likielekea nyuma, kama mtu anayedhani ameitwa na hana hakika.

Nikafahamu hapo hapo, na midomo aliyokuwa akiitazama siku ile nikaifahamu. Nilifungua kinywa. Lakini mume wa Duha alikuwa amesimama kando yangu, na mtaa mzima umeinama, na nikaona nikipaza sauti peke yangu nitamwaibisha mbele ya wanaume wenzake. Aliingoja ile sauti kwa mwendo wa nyumba tatu au nne hivi. Kisha akainyoosha shingo yake, akaendelea.

Sikuweza tena kukaa. Nilirudi ndani, nikajaribu kukata kitambaa cha bibi harusi wa watu nikakikata vibaya. Nilipotoka tena jua limeshapanda, mzunguko wa pili ulikuwa umeanza zamani na wakimbiaji wengi wameshamaliza. Muhdhar alipita tena mtaani kwetu wakati watu wamo ndani wanakula. Alikuwa anatembea sasa, anakimbia hatua chache, anatembea. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya joto. Harufu ya pilau inatoka kila nyumba. Alipita mbele ya mlango wetu sote wawili bila kuutazama.

Nikajaza chupa ya chai, nikavaa buibui langu, nikakata vichochoro kwenda Makadara. Wengine walikuwa na familia za kuwapokea kwa leso na vigelegele. Yeye angepokewa na nani?

Makadara kulikuwa kumebaki takataka za chupa na mahema yanayoshushwa. Ronald na jamaa zake walikuwa wameshakwenda. Wafanyakazi walikuwa wakipandisha viti kwenye lori dogo la kanta, na Sheryl amekaa juu ya kimoja ambacho amekataa wasikichukue, kipaza sauti mapajani, anamngoja mtu mmoja ambaye hajarudi. Nilimpenda msichana yule kwa kiti kile.

Muhdhar alikuja akichechemea. Utepe wa mwisho ulikuwa umeshakunjwa, kwa hiyo aliingia tu kama mtu anayekata njia kiwanjani. Sheryl alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti. Nikamimina chai, lakini hakuweza kukishika kikombe.

"Hongera, mzee," Sheryl akasema. "Nina swali moja, usikasirike. Watu wetu wa kila kituo wamenipigia simu kuniuliza, hapa mgongoni mwako pameandikwa aya gani?"

Muhdhar aliinua uso. "Aya?"

"Si ni Kurani? Wote walidhani hivyo. Waliambizana wasipige kelele, ni maneno ya Mungu. Makupa waliniambia wamevua na kofia."

Muhdhar akacheka, kicheko kifupi kikavu. Niliogopa kukisikia.

"Si aya, mwanangu," akasema. "Ni jina."

"La nani?"

Alinitazama mimi. Nilikuwa tayari, naapa nilikuwa tayari, lakini alikuwa ameshachoka kuwangojea watu. Alilitoa mwenyewe, kwa shida, mbele yangu mimi na msichana wa watu na vijana wa kupakia viti.

"Nabiha."

Sheryl alisimama. Kazi yake ni kazi yake; aliinua kipaza sauti mdomoni, amtangaze mkimbiaji wake wa mwisho katika uwanja mtupu. Muhdhar akainua kiganja.

"Si kwa hicho. Sema hivi hivi tu. Kama waita mtu aliyeko jikoni."

Msichana aliweka kile chombo chini kwenye nyasi. Sijui kama alielewa, nadhani hakuelewa, lakini aligeuza uso kidogo pembeni, akaita kwa sauti yake ya kawaida, ya nyumbani.

"Nabiha."

"Naam," akasema Muhdhar.

Na akainuka. Miguu ile ambayo haikuweza kumfikisha kwenye kiti bila kushikwa ilimwinua yenyewe, akaanza kwenda huku mkono umetangulia mbele, unatafuta bilauri. Alikuwa ameshakwenda hatua mbili, tatu, kuelekea mahali ambapo meza ya maji ilikuwapo asubuhi. Sheryl akadhani ana kiu.

"Keti, mzee," akamwambia, akimrudisha taratibu kwa mabega. "Nitakuletea mimi."

Akaketi. Sheryl akaenda kumtafutia maji.